Jicho la Chumba cha Kupimia

Sogeeni hapa, na huo mlango urudisheni, hili si la kusemea uwanjani.

Palikuwa na fundi cherehani, mkono mwepesi, mdomo mzito. Nani kanenepa, nani anaficha mimba, yote aliyajua, wala hayakutoka. Ndiyo maana wanawake wa mtaa mzima walivua nguo kwake bila wasiwasi.

Basi vitambaa vikaanza kumpotea. Shemeji yake, mdogo wa mumewe, kazi yake kufunga kamera, akamtundikia moja juu ya kabati. Kijicho cheusi, chageuza shingo kama bundi ukikiamuru kwa simu.

Mchana mmoja, harufu ya pasi imejaa chumbani, anampima msichana anayekaribia kuolewa. Akasikia: krii. Kamera imegeuka. Na simu yake iko mezani, hajaigusa.

“Fundi, nini hicho?” msichana akanong'ona, kajikumbatia kifua.

“Si kitu, mwanangu. Vua tu, tuko wawili.”

Kesho yake, yuko peke yake anakata gauni lile, ukuta ukasema. Sauti ya kiume, taratibu, kama ya mtu wa humo ndani: “Fundi, kiuno umekosea. Ulipima inchi ishirini na sita.”

Mkasi ukamdondoka, na kile kijicho kikimfuata, akienda kulia kiko kulia, akijibanza nyuma ya pazia kinamsubiri atoke, mpaka akapiga yowe.

Akaitwa mganga, bibi mmoja asiyetishika. Akafukiza, akakemea: “Toka, mwana wa giza!”

Kikageuka, kikamtazama. Kikacheka. “Bibi, moshi wako unanizuia kuona.”

Mganga akafunga mkoba wake. “Mwanangu, majini yananiogopa mimi. Huyu haniogopi. Huyu ni mtu, na kuna aliyemwachia mlango wazi. Muulize aliyekileta hiki kijicho.”

Shemeji akaja, akang'oa waya, macho chini.

“Namba ya siri uliweka ipi?” fundi akamuuliza.

“Ile... ile iliyokuja nayo kwenye boksi. Moja mpaka sita.”

“Anayeijua nani?”

“Dunia nzima, shemeji. Mtu akiwa na simu tu, hata ng'ambo, anaingia, anaona, anasema.”

“Na nyumba nyingine ulizofunga?”

“Hiyo hiyo. Nisisahau.” Akauzungusha waya mkononi. “Sauti kama hiyo niliisikia kwenye kamera ya mwalimu mmoja niliyemfungia, mwezi uliopita. Nikanyamaza. Ningesema, nani angeniita tena kazini?”

Fundi hakupiga kelele. Afadhali angepiga. “Umekula kwangu tangu una kamasi puani. Ulijua, ukaniacha niwavue watoto wa watu mbele ya mwanamume?”

Kabla hajajibu, hodi. Yule msichana, amekuja bila furaha ya gauni. Hakuingia. Alinyoosha simu tu, na ndani ya simu, kwenye picha aliyotumiwa na mtu asiyemjua, mlikuwa na meza ile, pazia lile, na mgongo wake mtupu.

“Fundi,” akasema, “uliniambia tuko wawili.”

Fundi akafungua kinywa. Mdomo ule uliotunza siri za watu wote ukakosa hata neno moja la kujitetea.

Na hapo hapo, ng'ambo ya barabara, kwenye kamera aliyoifunga shemeji ukutani kwa jirani: krii.