Madoa Anaatamia, Fundi Anagonga

Jina langu Atuganile. Nina miaka sita na nusu. Ninaishi na Bibi, na kuku wetu Madoa.

Mimi sipendi kelele. Huwa nasema hivyo kwa sauti kubwa, ili watu wote wasikie.

Madoa amekaa juu ya mayai tisa, ndani ya tenga, karibu na uzio. Atakaa siku ishirini na moja.

"Mayai yakipoa," Bibi aliniambia, "hatupati vifaranga."

Basi nikawa mlinzi. Nikamfukuza paka. Nikamfukuza mbuzi. Nikawafukuza hata vipepeo.

Ng'ambo ya uzio anafanya kazi Fundi Mwakipesile. Anatengeneza matranka, yale masanduku ya bati ya wanafunzi wa bweni.

Ngo! Ngo! Ngo! Ngwaaa!

Madoa akaruka. Ko-ko-ko-KOO! Akakimbilia nyuma ya jiko. Mayai yakabaki wazi.

Niligusa yai moja. Lilikuwa bado na joto. Joto kidogo tu.

Nikapanda juu ya ndoo, nikachungulia kwa Fundi.

"SHIKAMOO, FUNDI! UNAPIGA KELELE!"

"Marahaba, mama," akasema Fundi. "Nani anapiga kelele?"

"WEWE!"

"Aa. Kumbe mimi."

"Kuku wangu anaatamia!"

"Na mimi nina wanafunzi ishirini. Shule zinafunguliwa Jumatatu. Nguo zao wakaweke wapi, kwenye sufuria?"

Nikacheka. Halafu nikakumbuka kwamba nimekasirika.

Mimi sipendi kelele. Nikamwambia hivyo kwa sauti kubwa, ili asikie vizuri.

Kesho yake tena. Ngo! Ngo! Ngo! Ngwaaa! Na Madoa tena. Ko-ko-ko-KOO!

Nikaenda kwa Mama Sekela. Mama Sekela ni balozi wetu. Majirani wakikosana, yeye huwapatanisha.

"Nimekuja kumshtaki Fundi," nikasema.

"Karibu," akasema. "Lakini shusha sauti, mwanangu. Mimi niko hapa hapa."

Jioni, kabla jua halijazama, kikao kikafanyika nyumbani kwetu. Watu wanahitaji benchi. Benchi linahitaji kivuli. Kivuli kiko karibu na uzio, pale pale kwenye tenga la Madoa.

Aliyeliweka benchi pale ni mimi mwenyewe. Nilijiona nina akili sana.

Fundi alikuja na nyundo yake. Akaiweka mapajani.

Mzee Mwangoka, jirani wa mbele, akasema, "Mimi mchana silali!"

Mama Lugano, jirani wa nyuma, akasema, "Na mwanangu aende shule bila tranka?"

"Sijasema hivyo!"

"Umesema!"

"Nimesema silali!"

"Basi lala usiku kama watu wengine!"

Wakasema wote kwa pamoja. Madoa akanyoosha shingo. Akainua bawa moja.

Nikaona hatari. Nikapanda juu ya ndoo. Nikavuta pumzi.

"KIMYAAAAA!"

Ko-ko-ko-KOO! Madoa akaruka juu ya vichwa vya watu. Akatua juu ya paa la Fundi.

Watu wote wakanyamaza. Mayai tisa yalikuwa wazi.

Mama Sekela akauliza polepole, "Nani amemfukuza kuku?"

Nikaitazama ile nyundo. Haikuwa imegonga hata mara moja. Nikavitazama vidole vyangu vya miguu.

"Mimi," nikasema.

"Hatusikii," akasema Bibi. "Ongea kwa sauti."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, ingawa machozi yalikuwa karibu.

Fundi hakucheka. Alikwenda kwenye tenga, akachuchumaa. Akayafunika mayai kwa kofia yake.

"Bibi," akauliza, "huyu kuku hali chakula?"

"Anakula. Hushuka mara moja kwa siku, asubuhi. Anakunywa maji, anaoga vumbi, anarudi."

"Basi akishuka, nitagonga zile kazi kubwa, za kukunja pembe. Akirudi, nitapima, nitakata, nitapaka rangi. Na chini ya chuma changu cha kugongea nitaweka tairi kuukuu, lipunguze kelele. Lakini nitajuaje ameshuka?"

"NITAKUITA!" nikasema.

Watu wote wakanitazama.

"Hapana," wakasema.

Mama Sekela akanipa kitambaa chekundu. Madoa akishuka, nikitundike kwenye uzio. Akirudi, nikitoe. Bila kusema neno.

"Hata neno moja?" nikauliza.

"Hata nusu," akasema Bibi.

Jua lilipozama, Madoa alishuka kutoka juu ya paa. Akaisukuma kofia. Akakaa.

Asubuhi, Madoa akaenda kunywa maji. Nikatundika kitambaa. Ngo! Ngo! Ngo! Ngwaaa! Madoa akarudi. Nikakitoa. Fundi akashika brashi. Shwi, shwi, shwi.

Siku moja nilimtazama sisimizi, nikasahau kukitoa kitambaa. Madoa alikuwa anarudi. Fundi alikuwa ameinua nyundo.

Nilitaka kupiga kelele. Kelele ilikuwa tayari imefika mdomoni. Nikajiziba kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili nikavuta kitambaa.

Fundi akashusha nyundo polepole, kama mtu anayelaza mtoto.

Jumatatu matranka ishirini yakaondoka kwa gari. Mekundu, ya bluu, ya kijani. Mtoto wa Mama Lugano alikaa juu ya lake, akatupungia mkono.

Na siku ya ishirini na moja, niliweka sikio karibu na tenga. Nikanyamaza. Nikanyamaza sana.

Pio.

Sauti ndogo kuliko zote nilizowahi kusikia.

Nikapanda juu ya ndoo. "Fundi," nikanong'ona. "Wanatoka."

"Wangapi?" Fundi naye akanong'ona.

Tulingoja hadi alasiri. Walitoka saba. Mayai mawili hayakutoa kitu.

"Ni kwa sababu ya nyundo yangu?" akauliza Fundi.

"Au mdomo wangu?" nikauliza.

Bibi akatikisa kichwa. "Hakuna anayejua. Mayai ndivyo yalivyo. Hawa saba mmewalinda nyinyi wawili."

Fundi akampokea kifaranga mmoja kiganjani. Mikono yake mikubwa haikutikisika hata kidogo.

Jioni vifaranga wote waliingia chini ya Madoa. Ukaonekana mdomo mmoja tu, kisha nao ukapotea.

Nikaoga. Nikala ndizi na maharage. Nikapanda kitandani.

"Leo umekuwa mtulivu," akasema Bibi, akanifunika shuka.

Nikafumba macho. Mtaa wote ulikuwa kimya.

Bibi anasema nilikoroma mpaka asubuhi. Lakini mimi sikusikia kelele yoyote.