Kufuli la Nje

Aliyenisimulia haya ni mama yake yule fundi wa lifti, tukiwa kwenye benchi la kliniki ya wazee, Jumanne moja ya mwezi wa sita. Namba yangu ilikuwa arobaini na tatu, yake arobaini na nne, na daktari alikuwa bado hajafika, kwa hiyo muda tulikuwa nao. Yale ambayo hakuyaona kwa macho yake aliyapata kwa mwanawe huyo na kwa muuguzi mmoja, kila mmoja kwa wakati wake. Mimi nimeyapanga tu.

Ilikuwa saa ya kuona wagonjwa na hospitali imefurika. Lifti ya jengo kubwa ilipanda na watu kumi na mmoja. Ilipofika kati ya ghorofa ya tatu na ya nne ikapiga kelele kama mtu aliyekanyagwa kidole, ikasimama. Taa ikazima, ikawaka, ikabaki nusunusu. Baba mmoja akaanza kusali kwa sauti. Mwingine akaanza kugombezwa na mkewe, kwamba si nilikuambia tupande ngazi.

Kwenye kona alisimama muuguzi, gauni jeupe limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, mkanda wa bluu kiunoni, daftari nene kalikumbatia kifuani. Wodini walimwita Sista, nami nitamwita hivyo hivyo. Siku tatu za wiki alikuwa kazini, siku mbili alikuwa mwanafunzi wa chuo kilichokuwa ghorofa ya sita, akisomea shahada ya pili ya uuguzi wa watu wazima na wazee. Hiyo ndiyo inayomwezesha muuguzi, yeye mwenyewe, kumpima mzee, kuujua ugonjwa, kuandika dawa na kumfuatilia hadi nyumbani. Mkuu wa wodi alishamwambia bila kumung'unya maneno: “Ruhusa ya masomo ni hii moja. Ukifeli unarudi wodini, na habari za chuo nisizisikie tena.” Na siku hiyo alikuwa na mtihani. Dakika nane zilibaki.

Akanyanyua simu ya ukutani.

“Haloo! Tumekwama huku!”

“Najua, dada. Hii simu hailii watu wakiwa wazima,” ilijibu sauti ya mwanaume, nzito, isiyo na haraka. “Mko wangapi?”

“Kumi na mmoja.”

“Yupo mjamzito? Mgonjwa? Mzee?”

“Yupo mwenye mtihani.”

Yule mtu akacheka. “Huyo hayumo kwenye orodha yangu. Ila nitamtoa wa kwanza.”

“Mtoe kwanza huyu baba anayesali. Ameshaanza kutuaga mmoja mmoja.”

Milango ilipofunguliwa kwa nondo, Sista aliona kwanza mkono, kisha ovaroli la kijivu lenye grisi viwikoni, kisha uso wa mtu aliyeweka penseli nyuma ya sikio. Yule fundi akamshika bega, akamvuta juu. Alama nne za vidole vyeusi zikabaki kwenye bega la gauni lake jeupe.

“Samahani, nimekuchafua.”

“Usijali. Mwalimu akiniuliza nitasema nimekamatwa na fundi.”

Alifaulu ule mtihani na alama za vidole zikiwa begani. Kesho yake akiwa ndani ya lifti peke yake, simu ya ukutani ikalia.

“Abiria, umefaulu?”

“Wewe! Hii si simu ya dharura?”

“Ni dharura. Sijalala.”

Ndivyo walivyoanza. Kila Sista akipanda kwenda darasani simu ililia, naye alijibu akiwa kageukia ukutani ili watu wasimwone anavyocheka. Fundi akimwita “mpenzi wa ghorofa ya sita”, yeye akimwita “bwana wa kamba na mafuta”. Muda wa kukaa pamoja hawakuwa nao. Daftari lile nene lilikuwa la kuandikia saa za mazoezi, kila saa isainiwe, na saa zilikuwa mia tano. Sista alikula amesimama, akalala na kalamu mkononi. Akitoka zamu aliingia darasani, akitoka darasani aliingia zamu, akawa kama mtu anayezungushwa kwenye mlango usio na pa kutokea.

Zikabaki saa thelathini. Hizo zilitakiwa zifanyike nyumbani kwa mzee mmoja, wiki sita, na mwishoni iandikwe ripoti.

“Mchukue mama yangu,” Fundi alisema. “Ana miaka sabini na nne. Anapenda wageni. Siku hizi anachokachoka tu.”

“Una hakika?”

“Si ni wewe? Kwa nini nisiwe na hakika?”

Jumamosi hiyo Sista alivaa gauni la rangi ya zambarau na viatu vya wazi, akachukua begi la vipimo. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, ya mwisho kwenye kichochoro. Mlangoni, kwa nje, palining'inia kufuli kubwa kama ngumi ya mtoto. Fundi akatoa kitita cha funguo kiunoni, kile kile cha funguo za lifti, akafungua bila kusema kitu. Sista naye hakusema kitu. Hapo ndipo walipokosea, wote wawili.

Ndani mama alikaa kitandani, mikono mapajani. Dirisha lilikuwa na nondo na pazia limefungwa fundo. Kuhusu siku zile yeye mwenyewe aliniambia hivi: “Mwenzangu, nilikuwa nasikia ufunguo ukizunguka asubuhi, halafu nasikia watu wanapita, wanacheka, wanauza vitu vyao. Nataka kuita, sijui niite nani. Jina la mwanangu limo kinywani lakini halitoki. Nikawa nalala. Nikiamka ni pale pale.”

Sista alimpima presha, akampima mwendo, akamwambia maneno matatu ayakumbuke: kiti, jani, redio. Baada ya dakika tano mama hakukumbuka hata moja. Akapewa karatasi achore uso wa saa. Namba zote akazirundika upande mmoja, zimebanana kama watu kwenye lifti.

“Anatumia dawa gani?” Sista aliuliza.

“Hatumii kitu,” Fundi alijibu.

Akaandika: dawa, hakuna. Wiki sita alikuja, akaondoka. Kufuli alikuwa akilipita kama vile halipo, maana aliogopa swali likitoka mapenzi yatatoka nalo.

Lakini ripoti ni ripoti, mtu anaweka sahihi yake. Ilipofika wakati wa kuandika aliandika alichokiona. Na siku ya mwisho aliisahau nakala yake mezani kwa Fundi, ikiwa na ile picha ya saa juu yake. Fundi akaitambua kazi ya mkono wa mama yake, akaiokota, akasoma.

Simu ilimkuta Sista akibadilisha shuka wodini.

“‘Mzee hufungiwa ndani kwa kufuli na mtoto wake wa kiume,’” Fundi alisoma, sauti imekauka. “‘Moto ukitokea hawezi kujiokoa.’ Huyo mtoto wa kiume ni nani, Sista? Namfahamu?”

“Nisikilize kwanza…”

“Mara mbili aliokotwa barabarani, miguu mitupu, gauni la kulalia. Mara ya pili gari lilimkosa chupuchupu. Hilo umeliandika?”

“Hukuniambia.”

“Na wewe hukuniuliza! Wiki sita unapita mbele ya kufuli, unakunywa chai yangu, unanichekea. Usoni kwangu kimya, karatasini unapiga kelele. Ungeniuliza ningekujibu.”

“Mpenzi…”

“Mimi ni mtoto wa kiume. Ndivyo ulivyoandika.”

Akakata. Tangu siku hiyo simu ya lifti ikawa chuma tu ukutani. Sista alipanda na kushuka, ghorofa sita, akiiangalia. Mara nyingine alitamani lifti ikwame.

Mwalimu wake alikuwa mama wa makamo, miwani yake ikining'inia kifuani kwa kamba, mtu wa maneno machache. Aliisoma ripoti ukurasa kwa ukurasa, akairudisha mezani.

“Umeandika ana ugonjwa wa kusahau. Mzee wa miaka sabini na nne, analala mchana kutwa, kinywa kikavu, na hatumii hata kidonge kimoja. Nani kakuambia?”

“Mwanawe.”

“Nimewafundisha nini mwaka mzima?”

“Tuombe mfuko. Dawa zote ziwekwe mezani, hata za dukani, hata za majani.”

“Uliomba mfuko?”

Sista akainamisha kichwa.

“Kwa wazee wengine wote uliomba, nimeona kwenye daftari lako. Kwa nini si kwa huyu?” Mwalimu akavaa miwani, akamtazama vizuri. “Aha. Huyu mwana ulimwamini. Angekuwa mwana wa mtu mwingine ungemwamini?”

“Hapana, Mwalimu.”

“Basi sitaisaini. Una mpaka Ijumaa. Rudi ukaombe mfuko.”

Arudi wapi? Alipiga simu mara tisa, haikupokelewa. Ilikuwa Jumatano. Adhuhuri, lifti ikiwa tupu, akaingia, akanyanyua ile simu ya ukutani. Hiyo Fundi hakuweza kuiacha, ilikuwa kazi yake.

“Mko wangapi?” akauliza.

“Mmoja.”

“Lifti inatembea vizuri, nasikia mtambo,” Fundi akasema. “Dharura ni nini?”

“Kufuli nilipaswa kukuuliza siku ya kwanza, pale pale mlangoni. Niliogopa. Nisamehe kwa hilo. Ila sitalifuta kwenye ripoti.”

“Kwa hiyo umenipigia kuniambia hutalifuta?”

“Nimekupigia kukuomba mfuko wa dawa za mama.”

“Nilishakuambia hana dawa.”

“Basi nionyeshe hana. Ukinionyesha hana, nitaondoka na hutaniona tena mlangoni kwako.”

Lifti ikafika juu, ikafunguka, ikajifunga, ikaanza kushuka.

“Saa kumi,” Fundi akasema.

Saa kumi walisimama tena mbele ya kufuli. Sista alikuwa na gauni lake la kazi, safari hii hakujipamba.

“Sema sasa,” Fundi akamwambia, ufunguo mkononi. “Usoni.”

“Unamfungia mama yako kwa sababu unaogopa utamkuta amekufa barabarani. Nami naogopa utamkuta amekufa humu ndani.”

Fundi akafungua.

Mama alikuwa amelala, mdomo wazi. Sista akapiga magoti kando ya kitanda. “Mama, samahani nakuamsha. Ukiumwa unameza nini?”

Mama akafumbua macho, akaonyesha juu ya kabati kwa kidole. Palikuwa na kopo la vifungo. Sista akalimimina juu ya meza. Vifungo vikaviringika, na katikati yake vidonge vidogo vya njano, tele.

“Ah, hivyo si dawa,” Fundi akasema haraka. “Ni vya mafua tu, vya dukani. Alipata mafua mwaka juzi, vikamsaidia kulala. Namnunulia mwenyewe kila wiki. Viwili asubuhi nikitoka, viwili jioni. Akimeza anatulia, hahangaiki na mlan…”

Alimtazama Sista, akavitazama vidonge, akamtazama mama yake.

“Ni mimi?” akauliza polepole. “Ni mimi niliyemfunga mara mbili?”

“Hukujua. Kwa kijana ni dawa ya mafua. Kwa mtu wa umri wake zinachanganya kichwa, na zikimezwa miaka zinamzamisha. Na mimi ndiye niliyesomea kuuliza, sikuuliza. Tugawane.”

Fundi alikaa chini sakafuni, mgongo ukutani, akajifunika uso kwa mikono ya grisi. Sista akakaa kando yake. Mama akawatazama, akasema, “Mbona mmekaa chini, viti havipo?”

Vidonge vilipunguzwa kidogo kidogo, Mwalimu mwenyewe akisimamia pale kliniki. Ripoti ikaandikwa upya, kufuli likabaki ndani yake, na Ijumaa ikasainiwa. Asubuhi moja ya wiki ya nne Fundi alikuwa anavaa viatu, akasikia sauti ambayo hakuwa ameisikia kwa miaka miwili, kali kabisa: “Wewe! Nani ameweka kufuli kwenye mlango wa nyumba yangu?”

“Mimi, mama.”

“Umenifanya kuku?”

Alilitoa siku ile ile. Mahali pake akafunga kengele ya lifti ya zamani. Mlango ukifunguliwa inalia kichochoro kizima, jirani anachungulia. Maana akili za mama hazikurudi zote. Majina bado yanamponyoka, na tarehe zinamchanganya.

Jumapili baada ya matokeo kutoka, Sista alifika mchana na gauni la zambarau, macho mekundu kwa zamu ya usiku. Wakakaa sebuleni, mlango wazi, mama kwenye kiti chake akishona kifungo.

“Saa zako zimeisha?” Fundi akauliza.

“Zote. Mia tano.”

“Sasa zamu yangu kupima. Nakupa maneno matatu, nitakuuliza baada ya dakika tano. Pete, nyumba, mama.”

“Wewe bwana!” Sista akacheka, kisha akaacha kucheka. Akatazama dirishani, akatazama mikono yake. “Mwenzio nimetoka kwenye kifungo cha miaka miwili juzi tu. Unataka kuniingiza kwingine?”

“Mlango si unauona? Uko wazi.”

“Na siku ukinikasirikia utaacha tena kupokea simu?”

“Utanipigia ya lifti.”

Dakika tano zikapita, wamekaa hivyo.

“Haya,” Fundi akasema. “Maneno yangu.”

Kabla Sista hajafungua mdomo, mama akainua kichwa kutoka kwenye kifungo. “Pete,” akasema. “Nyumba. Na la tatu… la tatu limenitoka.”

Fundi akageuza uso. Sista akainuka, akaenda akachutama mbele ya kile kiti, akamshika mama mikono pamoja na sindano yake.

“La tatu ni wewe, mama,” akamwambia. Kisha akamgeukia mwanawe. “Nimeyakumbuka yote. Ndiyo.”

Basi hapakuwa na vigelegele, walikuwa wamechoka mno. Sista alikaa chini kuegemea kiti cha mama, akasema anafumba macho kidogo tu, akalala pale pale na kiatu kimoja mguuni. Fundi alimwekea mto, akajinyoosha kwenye mkeka, naye akapitiwa na usingizi. Miaka miwili mama ndiye aliyekuwa akilazwa, wenzake wakiwa macho. Jua la mchana lilikuwa limeingia mpaka katikati ya sakafu. Mama akainuka polepole, akaenda mlangoni. Akausukuma mpaka mwisho, kengele ikalia mara moja, hakuna aliyeamka. Akatazama kichochoro, watu wanapita. Akarudi kwenye kiti, akachomeka sindano kwenye pindo la gauni isipotee, akasikiliza pumzi zao wote wawili, na kitu cha mwisho anachokumbuka ni upepo ukiingia. Akalala.