Mkasi Kwenye Mawaridi ya Mama

Rafiki yangu Mabega, fundi wa kuchomelea, haogopi kitu. Ujasiri huo nilimfundisha mimi. Lakini mwezi mmoja baada ya kumzika mama yake, mawaridi ya marehemu yalianza kukauka, akaona kama anampoteza mara ya pili. Jioni moja akachukua msumeno wake wa chuma, akayapunguza matawi kama anakata nondo, ili yachipue upya. Giza likaingia. Nyuma ya kichaka akasikia mkasi: kacha, kacha.

“Dada, acha utani wako!”

“Utani gani, we mwoga?” dada yake akajibu kutoka jikoni.

Kacha.

Mabega akapapasa matawi gizani. Kila tawi aliloliharibu lilikuwa limekatwa upya, mshazari, juu kidogo ya chipukizi, kama mama yake alivyokuwa akikata, na mikato ilikuwa bado na majimaji.