Sindano ya Maua Haigawiwi

Zamda hakujua kutulia. Tangu binti yake Maua augue homa ya viungo iliyogusa moyo, kila alfajiri alimtegea sikio anavyopumua. Kila baada ya wiki nne alimpeleka zahanati ya kijiji chao kipya cha ujamaa, karibu na Igalula. Mganga Dionis alimsikiliza moyo, kisha akamchoma sindano ya penisilini.

Mwaka ukapita. Maua akanawiri, akacheza rede mpaka akajaa vumbi. Majirani wakasema amepona, na Zamda, maskini, yakamwingia. Siku moja foleni ilikuwa ndefu na dawa chache. Nyuma yao alisimama jirani yao Ng'washi na mtoto wake anayehema kwa nimonia. Zamda akaona haya. Tunalima pamoja, alijiambia, mzima ale dawa ya mgonjwa? Akamwachia Ng'washi nafasi, akarudi na Maua nyumbani. Miezi miwili iliyofuata hakwenda kabisa, na moyoni alijiona mjamaa kweli kweli.

Kisha Maua akaumwa koo. Zamda akampa asali. Wiki mbili baadaye magoti yakavimba, na mtoto akawa anatweta amekaa. Zamda akambeba mgongoni, miaka tisa yote ile, mbio mpaka zahanati.

Dionis alisikiliza moyo muda mrefu. Zamda alikaa, akainuka, akakaa tena.

“Nilimwachia mwenzangu,” alisema. “Wangu alikuwa mzima.”

“Sindano ndiyo ilimweka mzima, Mama Maua. Homa hii huanzia kooni. Kila ikirudi, inazidi kuuharibu moyo. Shamba tutagawana. Sindano ya Maua ni ya Maua.”

“Mpaka lini?”

“Mpaka awe mtu mzima, pengine na zaidi. Na moyo tutausikiliza kila mara, hata siku anayocheka.”

Maua alipandishwa treni, akalazwa Tabora wiki sita. Alirudi, ila kukimbia kulimchosha kuliko zamani. Jambo hilo lilimuuma Zamda, na linamuuma mpaka leo.

Sasa Maua ana miaka kumi na minne, na tangu arudi Tabora hajakosa sindano hata mwezi mmoja. Akiwashwa koo tu, mama yake keshavaa kanga ya kutokea. Juzi pale zahanati, mama mmoja mgeni kutoka Tura alimtazama Maua akichekacheka kwenye benchi.

“Huyu naye anaumwa nini?” akauliza.

“Haumwi,” Zamda akajibu. “Ndiyo maana nimemleta.”