Katikati ya Sega ni Petu

— Ndrema! Weka nyundo chini!

Voahirana alipaza sauti kabla hajatua mzigo wa kichwani. Alikuwa amepanda mlima kutoka mjini, na sasa anamkuta mumewe akigonga vigingi, anang'oa dirisha la nyumba yao.

— Makumbusho wanalitaka. Wanakuja kulichukua leo.

— Unavunja nyumba yetu na mimi ningali hai?

Kwao kule ndoa na nyumba ni kitu kimoja. Vijana huanza na kuta za mianzi, ukungu unapita utakavyo. Wakidumu, mianzi hutolewa, mbao ngumu zinaingia mojamoja. Watu husema nyumba inaota mifupa. Dirisha lile lenye nakshi ya sega la asali ndilo lililokuwa mfupa wao wa kwanza. Kuling'oa ni kuachana.

— Wewe ndiye uliyeanza, Ndrema alisema. Nimeonyeshwa picha za viti vya kisasa unavyotengeneza na kuuza mjini. Sega nililokuchongea wewe, Voa, wageni wanalikalia!

— Si nilikutumia ujumbe?

— "Nakuja na kiti, usiseme kitu mpaka ukione." Ndiyo maelezo hayo?

Mama yake Ndrema alikuwa mlangoni anasuka mkeka.

— Mkwe, nipe hicho kiti nikikalie. Magoti yangu yamechoshwa na kelele zenu.

Voahirana alitua mzigo, akafungua shuka lililokifunika kiti. Kiti kilikuwa chepesi, hakina msumari hata mmoja. Lakini mama hakukaa. Alipitisha kidole kwenye nakshi ya mgongo wa kiti, tundu kwa tundu, mpaka katikati. Kidole kikasimama.

— Ndrema, njoo.

— Mama, nina kazi.

— Njoo nimesema! Mbona hapa katikati patupu?

Kwenye dirisha lao, mahali pale pana duara dogo, na ndani yake mistari miwili imeshikana. Ndrema aliichonga wiki ya harusi.

— Viti vyote viko hivyo, Voahirana alisema. Wanunuzi wananicheka kwamba sijui kumalizia kazi. Sega ni la mababu, acha dunia ilione lisije likapotea. Pale katikati ni petu. Ningewapaje wageni, Ndrema?

Nyundo ilimponyoka. Akapiga magoti, akaugusa ule ubao mtupu kwa ncha za vidole, taratibu, kama mtu aliyefika madhabahuni.

— Na mimi nilitaka kuwapa makumbusho lote, alinong'ona. Nisamehe, mke wangu.

Watu wa makumbusho walipofika, vigingi vilikuwa vimesharudi mahali pake.

— Hili halitoki, Ndrema aliwaambia. Nitawachongea jingine, katikati patakuwa patupu.

— Patupu? Watu watauliza!

— Wakiuliza, waambieni wakamuulize mke wangu.

— Naye hatawajibu, mama akadakia, huku amekikalia kiti.

Jioni ile Ndrema alitoa mianzi ya ukuta wa mashariki. Voahirana alishikilia ubao mgumu, mumewe akaubana. Kisha Voahirana aliuwekea kiganja.

— Mungu wangu, alisema polepole.

Upande ule ukungu haukupita tena.