Karatasi Iliyotokea Sebuleni

Maiti ilikuwa imelala chali, shuka limevutwa mpaka kidevuni, nywele zimechanwa vizuri. Kando ya kitanda palikuwa na chupa tupu ya dawa za usingizi na karatasi iliyochapwa: "Nimechoka kuwa mzigo. Msinitafutie sababu."

Inspekta aliisoma mara mbili. Hakuhisi kitu. Zamani maiti zilimnyima usingizi; siku hizi zilimchelewesha kula tu.

Marehemu alikuwa mtafsiri wa nyaraka za mahakama. Alipooza miguu miaka kumi na mmoja iliyopita, akawa anafanyia kazi kitandani. Mdogo wake ndiye aliyempikia, kumwosha na kumgeuza. Sasa mdogo mtu alikaa sebuleni, mikono mapajani, macho makavu.

"Ulitoka saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi. Sokoni."

"Ukarudi?"

"Saa sita. Nikamkuta hivyo."

"Nani mwingine ana ufunguo?"

"Hakuna, afande. Tuko wawili tu."

"Na wewe kazi yako?"

"Yeye." Akaelekeza kidevu chumbani. "Nilitaka ukunga. Nimeomba chuo mara tatu, kimya. Wanachukua mwisho miaka thelathini na mitano. Natimiza mwaka huu."

Kompyuta ya marehemu haikuwepo kitandani. Koplo aliikuta ndani ya tangi la maji, imekwisha kazi.

Siku mbili baadaye daktari alipiga simu. "Tumboni hamna hata chembe ya dawa. Puani kuna nyuzi za pamba. Kazibwa pumzi kwa mto, kwenye saa tatu asubuhi."

Basi barua ilikuwa ya uongo. Inspekta akaenda ofisini kwa marehemu, kwa fundi wa kompyuta waliyemwita Waya, mwembamba, mwenye maneno mengi kuliko pumzi.

"Afande, ile ya kitandani ilikuwa ya kuingilia tu. Alikuwa akiingia nayo kwa mbali kwenye mashine hii hapa. Kila kilichoandikwa kimebaki humu. Kuizamisha ile ni kuvunja redio ili mtangazaji anyamaze!"

"Na barua?"

"Hii hapa. Imechapwa saa nne na dakika kumi na mbili."

"Ikatokea hapa?"

"Wapi! Ukiingia kwa mbali, printa yako ya nyumbani inakufuata, inajiorodhesha humu pamoja na ya ofisini. Usipoangalia, unachagua ya nyumbani. Tulimwambia marehemu mpaka tukachoka. Anataka kitu kitoke hapa, tarishi akipeleke posta, kinamtokea sebuleni kwake."

Saa nne na dakika kumi na mbili. Mwenyewe alikuwa ameshakufa saa nzima.

"Kuna kingine kilichochapwa siku ile?"

Waya alipekua orodha. "Kimoja. Saa mbili na dakika arobaini na moja. Nacho kilitokea huko huko nyumbani."

Inspekta alikisoma, akaomba nakala. Kisha akapiga simu moja.

Mchana alikuwa sebuleni tena, na koplo mlangoni. Akaweka nakala mezani. "Nashukuru kwa nafasi mliyonipa chuoni kwenu. Kwa sababu za kifamilia sitaweza kuja." Chini yake, jina la mdogo mtu.

"Hii ilitoka kwenye printa hiyo hapo. Ulikuwa sokoni?"

Mdogo mtu aliisukuma nakala kando.

"Nilikuwa nafagia," alisema. "Ilinitokea mbele ya macho. Nikadhani kazi zake, nikaona jina langu."

"Ukamuuliza?"

"Nilimuuliza. Akasema hata zile mbili za kwanza alizikataa yeye. Majibu yalikuwa yanakuja kwenye barua pepe yake, mimi sina. Akasema, 'Ungeniacha na nani?' Halafu akaniomba nimgeuze upande wa pili."

"Ukamgeuza?"

"Nikamgeuza. Ndipo nikachukua mto."

Alieleza yote kwa sauti ile ile. Alimchana nywele. Kompyuta ilikuwa wazi, akaandika ile barua, akamwaga dawa chooni, kompyuta akaitosa tangini. Karatasi ya kwanza aliichoma jikoni.

"Ulihisi nini?"

"Hakuna. Mpaka leo nangoja kuhisi."

Inspekta alimwelewa kuliko alivyopenda. Angeweza kunyamaza, lakini aliona ni haki ya huyu kujua.

"Dada, nimezungumza na chuo. Hawapokei jibu ila la karatasi. Marehemu alitaka barua itoke ofisini ipelekwe posta, ikatokea hapa, ukaichoma. Haikufika. Nafasi yako bado ipo, mwisho wa kuripoti ni Ijumaa."

Mdogo mtu aliitazama printa.

"Leo siku gani, afande?"

"Alhamisi."

Hapo ndipo alipolia, kwa sauti, kama mtu aliyeletewa habari ya msiba sasa hivi. Inspekta alimngoja amalize, ndipo akamwambia koplo atoe pingu.