Mfuko Mtupu

Mashine iliingia nyumbani kwa Mama Kidoti jua likizama, imefunikwa shuka, imebebwa na vijana wawili waliopanda ngazi wakihema na kulaumiana. Ilikuwa mashine ya kuvuta hewa, ile ya kufungia vyakula ili vikae muda mrefu bila kuharibika. Sanduku la chuma, zito, lenye kifuniko kinene kinachoonyesha ndani. Unalaza mfuko wenye chakula, unabana kifuniko, pampu inanyonya hewa yote, kisha waya wa moto unaubana mdomo wa mfuko. Basi. Hakuna uchawi hapo, au ndivyo tunavyoambiwa.

Mama Kidoti alikuwa akipika nyama na maharage nyumbani kwa ajili ya watu wa maofisini, na chakula kilikuwa kikimchachia kila kukicha. Mashine hiyo aliipata kwa muuza nyama wa mtaa wa nyuma, mzee aliyefiwa na mkewe akafunga bucha. Mzee mwenyewe alikuja na vijana hadi mlangoni, lakini ndani hakuingia. Alimvuta pembeni Mama Kidoti, akamnong'oneza.

"Usiipe mfuko mtupu, dada. Weka chochote ndani. Hata kokoto."

Mimi ningemuuliza kwa nini. Yeye aliitikia tu, akili yake iko jikoni, akajisemea kwamba majonzi yamemzidi mzee wa watu.

Na msije mkamwona mzembe. Alikuwa na mtoto mmoja, Kidoti, binti wa miaka saba aliyeitwa hivyo kwa doa jeusi shavuni, na Kidoti alikuwa na pumu. Kukipiga baridi, kifua chake kililia kama mlango usiotiwa mafuta. Baba yake alikuwa dereva wa lori, leo yuko huku kesho kule, kwa hiyo kuisikiliza pumzi ile ilikuwa kazi ya mama peke yake. Aliisikiliza akipika, akifua, akioga. Ilikuwa ikimkera, na ilikuwa ndiyo roho yake.

Jioni ile Kidoti alikuwa kitandani chumba cha pili, mlango wazi, kifua kikilia polepole. Mama akaanza kazi.

Akaanza vibaya. Alifungia maharage ya moto. Pampu ilipovuta, maharage yakachemka ndani ya mfuko, bila jiko wala moto, yakatapika kila pembe ya sanduku. Akampigia simu shemeji yake, fundi wa friji, akaiweka simu mezani, spika wazi. Shemeji akamcheka kwanza, maana ndiyo kazi ya mashemeji, kisha akamweleza. Hewa ikiondolewa, kitu cha moto huchemka chenyewe. Chakula lazima kipoe kwanza, kipoe kabisa. Na sasa mvuke umeshaingia kwenye oili ya pampu, afungue mfuniko wa nyuma aitazame. Ikiwa nyeupe kama uji, aimwage, atie nyingine.

Ilikuwa nyeupe kama uji.

Alipokuwa akiimwaga ndipo alipouona. Ubavuni mwa pampu, umesukumwa ndani kabisa, kulikuwa na mfuko. Umefungwa vizuri, mdomo umenyooka, na umevimba. Mashine ya kutoa hewa, na huo mfuko umejaa hewa. Kwa ndani ulikuwa na ukungu, kama kioo kilichopumuliwa na mtu. Akaushangaa kidogo, akauweka mezani karibu na ubao wa kukatia nyama, akaendelea na oili yake.

Pampu ikapona, lakini waya wa moto ukawa unaacha mkunjo mdomoni mwa mfuko, na kwenye mkunjo hewa hurudi. Shemeji akamwambia aufute waya, aunyooshe mdomo wa mfuko, halafu ajaribu na mfuko mtupu asije akaharibu chakula zaidi.

Mama Kidoti akasita. Akamweleza maneno ya muuza nyama.

Shemeji akasema huyo mzee tangu afiwe huongea peke yake katikati ya ndoano za nyama, atamsikiliza hadi lini? Mama Kidoti akauliza mkewe alikufa na nini.

"Kifua, walisema. Walimkuta amepiga magoti buchani, mbele ya mashine. Hiyo hiyo nadhani."

Mama Kidoti akaufuta waya polepole. Kisha Mama Kidoti, jamani, akaona haya kuonekana mshirikina. Akaulaza mfuko mtupu, akabana kifuniko.

Pampu ikaanza. Vuuu...

Haikuwa sauti ile ya mwanzo. Ilivuta, ikapumzika, ikavuta tena. Pazia la dirisha likainama kuelekea kwenye mashine, na dirisha lilikuwa limefungwa. Jikoni kukanuka damu mbichi na sabuni ya mche, harufu ya bucha lililooshwa jioni. Kisha waya ukabana, tsss, na kifuniko kikainuka chenyewe.

Mfuko ulikuwa umevimba.

Akautoa kwa vidole viwili. Mdomoni, kwenye pembe, kulikuwa na mkunjo mwembamba kama unywele. Akauweka mezani karibu na ule wa kwanza, akawa anaitazama yote miwili, anajiuliza amekosea wapi. Ilimchukua muda kugundua kwamba kuna kitu hakisikii.

Chumba cha pili kilikuwa kimya.

Alikimbia. Kidoti alikuwa ameketi kitandani, mdomo wazi, macho yamemtoka, kifua hakipandi wala hakishuki. Midomo ilikuwa inageuka rangi. Mama akampulizia dawa, na dawa ikamrudia usoni, kwa maana mtoto havuti. Hakukohoa, hakulia. Alikuwa ameishiwa pumzi kama chupa inavyoishiwa maji.

Akambeba mbiombio hadi jikoni amwite shemeji kwenye simu. Akamlaza mezani, mguu wa mtoto ukaigonga mifuko, ikabiringika. Na hapo akaiona. Ilikuwa inaingia ukungu na kutakata... inaingia ukungu na kutakata... yote miwili, taratibu, kama mtu alalaye.

Hakuna aliyemfundisha. Mama huyajua mengine bila kufundishwa. Alinyakua mfuko uliokuwa karibu, akauweka mdomoni mwa mtoto, akaukata kwa mkasi.

Ukatoka mguno mrefu, wa mtu aliyetua mzigo. Harufu ya sabuni ya mche. Na Kidoti akavuta hewa.

Alivuta kwa kina, akashusha, akavuta tena. Kifua hakikulia hata kidogo. Mama Kidoti akaanguka chini akalia, akamwambia shemeji kwenye simu kwamba mtoto ni mzima, mzima kabisa, akakata simu akaendelea kulia kwa furaha.

Aliponyanyua uso, Kidoti alikuwa kwenye sinki ananawa mikono hadi viwiko. Akaifuta kwenye gauni. Akachukua kisu kikubwa, kile alichokatazwa hata kukigusa, akavuta pande la nyama na kuanza kuondoa mafuta kwa mikato mirefu, bila kutazama.

"Nani kakufundisha hivyo, mwanangu?"

Kidoti alitega sikio kwenye mashine. "Maji bado yamo kwenye oili," akasema. "Iache izunguke kidogo, itakauka." Kisha, kwa upole, "Mzee ameshakula?"

"Mzee gani?"

Mtoto akaelekeza ncha ya kisu dirishani, upande wa mtaa wa nyuma.

Mama Kidoti akageuka kuutafuta mfuko wa pili. Mezani hapakuwa na mfuko mwingine. Akainama, akauona chini, umeegemea mguu wa meza. Ulikuwa unaingia ukungu na kutakata. Akauinua sikioni. Ndani yake, mbali sana, kulikuwa na sauti aliyoijua kuliko jina lake, ya mlango usiotiwa mafuta.

Mdomoni mwa mfuko, kwenye pembe, kulikuwa na mkunjo mwembamba kama unywele. Na mfuko haukuwa umevimba tena kama mwanzo. Ulikuwa umelegea.

Hewa ilikuwa inatoka.

Akashika mkasi kwa mkono mmoja, mfuko kwa mkono mwingine, kidole gumba kimeubana ule mkunjo. Akajaribu kutabasamu.

"Kidoti. Njoo kwa mama."

Mtoto akakilaza kisu kwenye ubao, taratibu, makali upande wa ukuta, kama wafanyavyo wauza nyama. Doa jeusi lilikuwa pale pale shavuni.

"Usinifanyie hivyo, dada," akanong'ona. "Nimekaa humo muda mrefu."

Kisha akaziba mdomo na pua kwa viganja vyote viwili, akamkazia macho, akangoja. Na chini ya kidole cha mama, mfuko ukawa unazidi kunywea.